Mlango Unaotazama Mlimani

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja, nikavaa, nikafunga kamba za viatu vya mlima, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikakosa wa kumwongoza. Nilikaa hivyo mpaka jua likatoka. Kisha nikavua viatu, nikavipaka mafuta, nikavivaa tena. Nawaambia hili mapema, wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Chuoni watawafundisha nyayo, vinyesi, ndege na namna ya kufunga mguu uliovunjika. Hawatawafundisha mfanye nini siku mtakapogeuka nyuma na kukuta hakuna anayewafuata.

Mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilivipata vyote nilivyostahili na kimoja ambacho sikustahili, na hicho ndicho kilichokuwa na kiti kizuri.

Mimi ni mtoto wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako hadi leo ukitaka kufika unapanda boti Kibirizi na kukaa juu ya magunia ya watu. Baba alivua dagaa. Mama aliwaanika mchangani, na walipokauka aliwapandisha mlimani kwa kichwa kwenda kuwauza vijiji vya juu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala barua ya mkubwa iliyonitangulia. Nilisoma kwa kibatari na kwa ukaidi, nikawa mtu wa kwanza wa kijiji chetu kupata diploma ya wanyamapori. Nadhani bado niko peke yangu. Anayebisha aje, ila aje na cheti.

Kwetu hakuna mashariki wala magharibi. Kuna ziwani na kuna mlimani, basi. Ukikaa vibaya kwenye benchi unaambiwa "sogea ziwani kidogo." Jino likiuma, mtu anakuuliza ni la upande wa ziwani au wa mlimani, na itategemea umesimama vipi. Nilidhani dunia nzima iko hivyo. Siku nilipopanda treni Kigoma kwenda kutafuta kazi nilikaa nimelipa ziwa kisogo, na nakumbuka nilifurahi sana kulipa kisogo.

Siku yangu ya kwanza kambini, kwenye mbuga za kaskazini, nilikabidhiwa kwa Mzee Lazaro. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja niliyomjua, na wakati mwingine ilifaa akimbie. Alinipandisha juu ya gari la wageni akasema, "Simba amelala mashariki ya ule mti. Umemwona?"

Nilitazama. Nyasi zilikuwa kila upande, zimefika mpaka mwisho wa macho, hazina ukingo. Kichwa kilinizunguka kama mtu aliyeshuka kwenye boti baada ya mawimbi. Nikauliza, "Mzee, kwani ziwa liko upande gani?"

Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu kambini likawa Ziwani. "Ziwani, lete maji." "Ziwani, umemwona kiboko wako?" Nilinunua dira wiki ileile. Nililala nayo, nikala nayo, nikaenda nayo chooni. Ndani ya mwaka mmoja madereva waliocheka ndio waliokuwa wakiniuliza njia kukiwa na ukungu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu, lakini ni kweli.

Mzee Lazaro alinifundisha mambo matatu, na kama mtasahau mengine yote, haya yabaki. La kwanza, hesabu vichwa kila mnaposimama, na cha kwako ukihesabu cha mwisho. La pili, mwenye miguu mizito mweke mbele, ili wote watembee kwa mwendo wake na yeye asijue kwamba anasubiriwa. La tatu alinipa siku niliyomdanganya mgeni kwamba twiga hanywi maji kabisa. Alingoja mgeni aondoke, akaniambia, "Kabla hujaeleza kitu, jiulize ni nani alikuambia. Ukikuta umejiambia mwenyewe, nyamaza."

Mambo mawili ya kwanza niliyashika mpaka leo. Hilo la tatu nililishika kwa muda.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache na sikuviazimisha. Darubini moja, yenye ufa kwenye kioo cha kushoto, nikawa nafumba jicho hilo. Kisu. Filimbi ya chuma, kwa sababu ya plastiki hupasuka siku unapoihitaji. Kitambaa kikubwa cha pamba kinachoweza kuwa kilemba, bendeji, chujio na taulo, lakini tafadhali si kwa siku moja. Na begi la mgongoni la turubai, lenye mikanda ya ngozi, alilonipa mgeni mmoja aliyeamua baada ya siku mbili kwamba hapendi kutembea. Begi hilo lilikuwa nyumba yangu. Popote nilipolala lilikaa mlangoni, limefungwa, mdomo umeelekea nje.

Maana sikutulia. Tambarare zilinichosha nikaenda mlima mrefu. Mlima ukanichosha nikaenda mito ya kusini, kwenye viboko na mbung'o, kisha visiwa vya pwani, kisha mlimani tena. Wenzangu walijenga, wakaoa palepale, wakapanda migomba. Mimi nilikuwa nikiona boma jipya nataka kujua lililo nyuma yake. Nilijua sauti za ndege wengi kuliko majina ya watoto wa jirani. Likizo nilikwenda nyumbani, siku ya kwanza nikala samaki wa migebuka mpaka nikashindwa kuinama, siku ya pili nikazunguka kusalimia, siku ya tatu nikawa ufukweni nauliza boti ya Kibirizi inaondoka saa ngapi. Mama alikuwa na swali lake moja. Aliniuliza kila mara nikiwa bado sijavua viatu: "Hamisi, umekuja au umepita?"

"Nimekuja, mama."

"Haya. Tutaona kesho kutwa."

Sasa niwaambie kuhusu safari iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mtaulizwa na wageni na ni vizuri muwe na ya kwenu ya kusimulia. Nilikuwa napandisha mlima mrefu kundi la watu sita. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu kutoka nchi za baridi, aliyejiandaa kwa ajili ya safari hiyo tangu mumewe alipofariki. Asubuhi ya kupanda kileleni nilimwona anafunga zipu ya koti lililokwisha kufungwa. Nikamwuliza jina langu. Akanitajia la mpagazi. Nikamwambia hewa ya juu imempanda kichwani, safari yake imefika hapo, tunashuka mimi na yeye, wengine wataendelea na msaidizi wangu.

Alilia. Aliniita mwoga, akaniita mwizi wa ndoto yake, akakaa juu ya jiwe akasema hatoki. Kilele kilikuwa kinaonekana, na hapo ndipo hata mtu anayetaka kukusikiliza mguu wake unakataa kugeuka. Sikubishana naye. Nilichukua begi lake, nikaanza kushuka polepole, kwa sababu mtu hufuata begi lake hata asipokufuata wewe. Baada ya saa mbili za kushuka midomo yake ilirudiwa na rangi, akaanza kuzungumza mambo yanayoeleweka, na la kwanza lililoeleweka lilikuwa samahani.

Tulipumzika kwenye maua ya nyika, chini ya mawingu. Akaniambia, "Nimevuka bahari kuja kuutazama mlima wenu, na tangu asubuhi ninachokiona kichwani ni dirisha la jikoni kwangu. Kuna mti wa matofaa nje. Nimeishi nao miaka arobaini sijawahi kuutazama kama ninavyoutazama sasa, na haupo." Kisha akanigeukia. "Wewe kwenu kukoje?"

Nikamjibu nilivyokuwa nikiwajibu wote. "Kwetu hakuna kitu, mama. Ni ziwa na dagaa."

"Nyumba ya mama yako inatazama wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa naweza kumwambia ni mnyama gani alipita njia ile jana yake, alikuwa na uzito kiasi gani na alikuwa na haraka au hana. Mlango wa nyumba niliyozaliwa sikuujua unatazama wapi. Nilijua sufuria zilipokaa. Nilijua harufu. Mlango wenyewe niliupita nikitoka kila siku, na macho yangu yalikuwa tayari mbele. Nikamwambia unatazama ziwani. Nilijiambia mwenyewe.

Mama alifariki mimi nikiwa kusini, porini, siku tano za kutembea kutoka kwenye simu yoyote. Nilipofika Mwamgongo majani yalikuwa yameshaanza kuota kaburini. Dada yangu Tatu, mkubwa wangu, hakunilaumu. Alinipakulia ugali akakaa pembeni akinitazama ninavyokula. Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo. Mvua za mwaka uliofuata ziliilaza chini, na mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Nikafika umri wa kustaafu. Nilirudi na diploma yangu kwenye fremu, begi langu, na mipango. Nilijenga palepale ilipokuwa nyumba ya mama, na nilijenga nyumba ambayo haijawahi kuonekana upande wetu wa ziwa: bati la rangi, baraza pana, na mlango mmoja mkubwa wa kioo unaotazama maji na milima ya Kongo ng'ambo. Nilikuwa nimeona nyumba za wageni za kila namna, nikachukua kizuri cha kila moja. Watu walikuja kutazama. Walisifu. Kisha wakazunguka nyuma, wakatazama ukuta, wakaaga.

"Nzuri," Tatu alisema. "Mgeni wa kwanza anafika lini?"

"Mgeni gani? Naishi mimi."

"Ahaa." Akatazama begi. "Na huyu je? Amelala mlangoni kama mbwa anayengoja kutoka."

Wiki ya pili upepo wa kutoka upande wa Kongo uliingia kwa ule mlango, ukanijazia mchanga kitandani na magamba ya dagaa kwenye chai. Nilifagia asubuhi, nikafagia mchana. Katikati ya kufagia nilitembea. Nilikwenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, mara nne kwa siku, mpaka wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kunisalimia kila mara, wakawa wananisalimia mara moja kwa zote. Sikuwa na pa kwenda na miguu haikujua. Ndipo akanipigia simu meneja niliyefanya naye kazi zamani kaskazini. Alitaka nirudi nifundishe vijana wake, chumba kipo, chakula kipo. "Nipe jibu Ijumaa, Ziwani." Moyo uliniruka kama wa mtu wa miaka ishirini. Jioni hiyo nilitoa mchanga ndani ya begi nikalipanga upya.

Kabla ya Ijumaa hiyo, Alhamisi, ndipo mlipokuja. Nasema ninyi watano, ingawa watakaosoma baadaye hawawajui: vijana wa Kigoma mjini na Ujiji mliokuwa mnajifunza kazi, mkaletwa na boti kutoka Kibirizi ili mzee mwenye uzoefu awapandishe kutoka ufukweni mpaka vijiji vya juu, njia ambayo wageni wangeipenda. Zabibu wa Ujiji, mwenye ulimi, na Baraka wa Kigoma, mwenye daftari, mtanisamehe nikiwataja kwa majina. Nilipanga iwe siku ya mwisho nionyeshe Mwamgongo nilichojifunza duniani, kisha niondoke nikiwa nimesimama wima. Njia hiyo sikuwa nimeipanda tangu nikiwa mtoto. Sikumwambia mtu. Nani angempeleka daktari kwa daktari?

Nilianza vizuri, hilo mtakubali. Vichwa nilihesabu. Baraka, mwenye pumzi fupi, nilimweka mbele. Nikawaonyesha kinyesi cha nyani na nikaeleza alikula nini. Baada ya mwendo wa nusu saa tukafika kwenye mawe yaliyopangwa kando ya njia, bapa juu, kimo cha kifua cha mtoto. Mbele kidogo kulikuwa na marundo mengine kama hilo.

"Mwalimu, haya ni ya nini?" Zabibu akauliza.

Mzee Lazaro alikuwa amelala kaburini kwake mbali sana. "Haya," nikasema, "ni alama za mpaka. Watemi wa zamani walipanga mawe hivi kuonyesha mwisho wa himaya zao. Mtazame ustadi wa mpangilio."

"Karne ya ngapi, mwalimu?" Baraka akauliza, kalamu tayari.

"Ya kumi na nane," nikasema, bila kupepesa macho.

Juu kidogo njia iligawanyika. Moja ilikuwa nyembamba, inapanda kama ngazi. Nyingine ilikuwa pana, safi, inaelekea mashariki barabara, na dira yangu ilikubaliana nayo. Vijiji vya juu viko mashariki. Nikachukua ile pana. Mtu yeyote aliyefundishwa vizuri angeichukua.

Ilikuwa njia ya wakata kuni. Ilitupeleka nyuma ya kilima, ikateremka, ikatuingiza kwenye korongo lenye miti mikubwa, ikaishia kwenye visiki. Nikasema tutapita kati, tutakutana na njia mbele. Tulipita kati kwa saa moja na nusu. Wingu likashuka. Maji ya kunywa yakaisha. Kuta za korongo zikawa ndefu, na chini ya miguu yetu niliona mchanga mweupe, laini, uliooshwa, na majani makavu yamenasa kwenye matawi juu ya kimo cha mtu. Mnajua sasa maana yake. Siku ile hamkujua, na mimi nilijua. Mafuriko hupita hapo. Ng'ambo, upande wa Kongo, radi ilikuwa imeanza.

"Mwalimu, tuko wapi?" Zabibu akauliza.

"Tuko njiani."

"Njia ya wapi?"

Nikawaamuru mpande ukingo wa korongo, na mlipanda kwa magoti na kucha hadi kwenye mwamba usiofikiwa na maji. Nilihesabu vichwa: watano, na changu sita. Hapo kazi ya mwongozaji ilikuwa moja tu iliyobaki, kupuliza filimbi. Naliandika hili kwa sababu ndilo nililotaka kulificha. Niliitia filimbi mdomoni na sikuipuliza. Nilifikiri nani atasikia. Nilifikiri wavuvi wanavyoshona nyavu, wakiinua vichwa: huyo ni Hamisi wa diploma, amepotea nyuma ya nyumba yao. Mvua ilikuwa inakuja, nyinyi watoto wa watu mnanitazama, na mimi nalinda jina.

"Mwalimu," Zabibu akasema, "hiyo filimbi ni ya kupuliza au ya kunyonya?"

Nikaitoa mdomoni. "Tumepotea," nikasema. "Mimi ndiye niliyepotea, nyinyi mmenifuata." Kisha nikaipuliza mara tatu, nikangoja, nikapuliza tena mara tatu.

Jibu lilitoka juu, upande wa kushoto, sauti ya mwanamke iliyozoea kuita kutoka mlima hadi mlima. Baada ya muda majani yakafunguka akatokea dada yangu Tatu, kanga imefungwa kiunoni, na nyuma yake wenzake wawili. Walikuwa wanashuka kutoka soko la juu wakasikia, wakaacha mizigo njiani kuja kutazama ni nani.

"Amahoro, wanangu," aliwasalimu nyinyi kwanza. Kisha akanitazama, filimbi, dira, darubini. "Hamisi, unatafuta nini huku kwa nyani?"

"Nawafundisha njia."

Wenzake walishika viuno. Mmoja alilazimika kuegemea mti. Tatu hakucheka. "Ziwa umeliacha wapi?" akauliza.

Nilitaka kuonyesha kwa mkono. Mkono ulikwenda kidogo, ukasimama hewani. Miaka yote ile, kwenye tambarare na mlimani na mitoni, nilikuwa sijawahi kukosa kujua upande. Nyumbani kwetu nikashindwa.

Alituongoza. Mvua ilitupata njiani lakini ilitupata kwenye njia, na nyuma yetu tulisikia korongo linavyoanza kunguruma. Tulitokea pale penye mawe. Mizigo yao ilikuwa imekaa juu yake: maharage, mihogo, madumu ya mawese, yamepangwa kama bidhaa dukani. Tatu akasimama mbele ya moja, akainua mzigo kutoka kwenye jiwe moja kwa moja mpaka kichwani, bila kusaidiwa na mtu, kisha akaurudisha ili aone kama tumeelewa.

"Mwanamke akiwa peke yake nani atamtwika?" akasema. "Akitua chini hainui tena. Ndiyo maana kila mmoja alipanga jiwe lake, kwa kimo chake."

Baraka alifungua daftari lililolowa, akatafuta ukurasa, akakata mstari mmoja mrefu. Asante kwa kutosema kitu.

"Na mbona yako hapa, si pale penye kivuli?" Zabibu akauliza.

"Geuka," Tatu akamwambia.

Tuligeuka wote. Mvua ilikuwa imeshapita kwenda juu, na chini yetu ziwa lilikuwa limefunguka lote, na kando yake Mwamgongo, mapaa na mitumbwi na madoa ya dagaa walioanikwa, ndogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Katika maisha yangu nimesimamisha wageni sehemu nyingi nikawaambia tazameni. Sikuwa nimewahi kusimamishwa mimi.

"Jiwe huwekwa mahali unapoona kwako," dada yangu akasema. "Umeacha watoto chini, umeacha moto. Unatua mzigo, unaangalia paa lako, unaendelea. Ukifika mahali hulioni ziwa nyuma yako, ujue umepotea, rudi. Mtoto mdogo anajua." Akanisogeza begani, hatua moja, mbele ya jiwe fupi kuliko yote. "Hili ni la mama. Alilipanga akiwa na mimba yako, hakuweza kupanda moja kwa moja. Mimi nilikuwa mdogo, alikuwa ananiacha ndani. Anatua hapa anatazama kama nimefungua mlango nikatoka."

"Aliuona mlango?" nikauliza. "Kutoka huku?"

"Si ulikuwa unatazama mlimani! Milango yote ya zamani inatazama mlimani, upepo wa ziwa usiingie. Hata ulipokwenda zako alikuwa anatua hapa anatazama. Mimi nikiwa naye namwambia, mama, hajafika huyo. Anasema, acha niangalie tu." Akanyoosha kidole. "Sasa ile yako, tazama. Ukuta mtupu. Mtu akiwa hapa hajui kama mwenyewe yupo au ameshaondoka."

Niliitazama nyumba yangu nzuri kwa nyuma. Dada yangu amepita pale kila siku ya soko tangu nirudi, ametua, ameangalia, ameona ukuta.

Ijumaa nilimpigia meneja. Nilimwambia siwezi kuja. Akauliza nimepata kazi gani nyingine huko. Nikamwambia niko mafunzoni, siku ya pili. Alidhani natania. Kisha nikamwita fundi, nikamwonyesha ukuta wa mlimani kwa chaki, akaniambia, "Mzee, tangu unajenga nilitaka kukwambia, ila uliniambia una diploma."

Miguu haikutulia kwa sababu hiyo, msije mkadhani. Siku ya soko iliyofuata nilitoa nguo zote kwenye begi nikalijaza dagaa wakavu mpaka mikanda ya ngozi ikalia. Halitatoka harufu tena. Kambi yoyote ya kaskazini nitakayokwenda nalo fisi watanipokea. Wanawake waliponiona kwenye njia walipiga vigelegele vya kejeli. "Mwakeye, Mama Hamisi!" mmoja akanisalimia. Wanaume wa kwetu hawapandishi dagaa mlimani. Nilipandisha. Tatu alitembea nyuma yangu, na nilikuwa nusu ya njia nilipogundua kwamba mwenye miguu mizito amewekwa mbele.

Kwenye jiwe la mama nilisimama nitue. Mzigo wa kichwani unautua ukilitazama jiwe. Wa mgongoni lazima uligeuzie mgongo, uso uelekee ziwani. Mama alikuwa mfupi, na mimi nilikua mrefu kama babu. Jiwe lilinifika chini ya kiuno. Ikanibidi nikunje magoti, polepole, mpaka begi likapata mahali na mabega yakawa mepesi. Nilikaa hivyo nusu nimesimama nusu nimepiga magoti, nikaangalia chini. Fundi alikuwa amemaliza. Kwenye ukuta mweupe kulikuwa na shimo jeusi la mstatili, dogo kama punje ya mchele, wazi.

Tatu alitua wa kwake pembeni, akafuta jasho kwa ncha ya kanga, akatazama huko huko.

"Naona mlango umeachwa wazi," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Anarudi?"

"Jioni," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akainua mzigo wake, nami nikanyoosha magoti, nikahesabu vichwa, viwili, tukaendelea kupanda.